Kukatwa na kupasuka

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mgambo huku Handeni. Mwezi uliopita tuliitwa alfajiri, mtu amekufa kando ya kalavati, baiskeli yake imelala mtaroni. Juu ya nyusi ya kulia alikuwa na jeraha limeachama hadi mfupa unaonekana. Nikaandika kwenye daftari: "Amekatwa na panga." Waliokuwa wakichungulia begani kwangu wakasoma, na kabla polisi hawajafika vijana walishafika kwa jirani aliyekuwa na ugomvi naye wa shamba. Daktari alipoupima mwili akasema marehemu alianguka, akagonga kichwa kwenye ukingo wa zege. Jirani alinusurika, lakini mpaka leo haitikii salamu yangu. Mbona jeraha lilinyooka kabisa kama la panga?
Mgambo, Handeni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Panga hukuliona. Uliona jeraha, na hilo tu ndilo lilikuwa lako kuandika.

Kunyooka kulikudanganya, na wewe si wa kwanza. Pale juu ya nyusi, na utosini vilevile, ngozi imelala juu ya mfupa bila nyama ya kutosha katikati. Ikigongwa hubanwa baina ya vitu viwili vigumu, ikapasuka kwa mstari. Watazame mabondia: hufunguka papo hapo juu ya jicho, na glavu haina makali.

Siku nyingine mulika tochi kwenye jeraha, ila usilitanue kwa vidole. Aliyepasuka, kingo zake mara nyingi zimechubuka au zimevilia damu, na ndani utaona vijinyuzi vimevuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili: mishipa midogo na nyama iliyovutika isikatike. Kisu kikali hakibakishi nyuzi hizo. Hukata kila kinachokutana nacho, kingo zikabaki safi. Panga ni zito, na likiwa butu huchubua kingo pia, ndiyo maana hata sisi tuliozeeka mochwari hatukuwa tunatamka kwa kutazama mara moja.

Mimi mwenyewe niliwahi kuaibika. Nikiwa kijana, tabibu mpya katika hospitali moja ya wilaya, niligeuza maiti nikakuta mgongo mzima una rangi ya zambarau. Nikatangaza mbele ya ndugu kwamba marehemu amepigwa. Mkubwa wangu hakusema neno. Alibonyeza pale kwa dole gumba, akaliondoa: pakabaki weupe, kisha rangi ikarudi taratibu. Ilikuwa damu iliyotuama upande wa chini baada ya moyo kusimama. Zikishapita saa 8 hadi 12 hivi tangu kufa, hata kubonyeza hakusaidii, rangi haiondoki tena. (Na sisimizi! Wakimtafuna maiti huacha vidonda vya manjano visivyo na damu, watu wakaapa ameburuzwa.)

Basi uandikeje? "Jeraha la wazi juu ya nyusi ya kulia, urefu kama sentimita 5, kingo zimechubuka, damu imekauka shavuni." Kulia ni kulia kwa marehemu, siyo kwako uliyesimama unamtazama. Hata kwa risasi andika "tundu", usiandike "imeingilia hapa", kwani mtutu ukigandamizwa kichwani tundu la kuingilia huweza kuchanika vibaya kuliko la kutokea. Ukiwa na simu, piga picha ya mbali, kisha ya karibu, na nyingine ya karibu ukiwa umeweka rula pembeni. Usimwoshe uso, hata ndugu wakikusihi.

Mikono usiiguse. Kama mtu alijikinga, mikato huwa viganjani na upande wa nje wa mkono, na chini ya kucha huweza kubaki kitu. Wapelelezi wakitaka kuifunika watumie mifuko ya khaki. Nailoni hutoa jasho na kuozesha.

Daftari, kwa heshima, lishike kifuani wakati unaandika. Na ukurasa ule wa panga usiuchane. Piga mstari mmoja juu ya maneno yale, yaendelee kusomeka, andika lililo kweli chini yake, tia saini yako na tarehe. Kisha nenda kwa jirani ukiwa na mwenyekiti wa kitongoji, umweleze kwa mdomo wako kwamba neno lile lilikuwa lako.