Maswali na majibu: Tenki la maji chumvi linavuja, hiyo silikoni iweke chini kwanza

Wiki hii meseji karibu zote ni za kuvuja. Naona watu wengi wameanza kujijengea matenki ya maji chumvi wenyewe nyumbani, hongereni, ila jamani "fundi tenki linavuja nifanyeje" sio swali, hiyo ni salamu. Maji yanatoka wapi? Juu, chini, kwenye tundu, kwenye paipu? Yanatoka muda wote au umeme ukikatika? Za namna hiyo nimezipita, nimechukua zenye nyama kidogo.

Shikamoo fundi. Tenki langu ni sm 120 kwa 50 kwa 50, kioo mm 10, nimejenga mwenyewe. Nililijaribu na maji nusu halikuvuja, nilipojaza lote siku ya pili kona ya chini ikaanza kutoa machozi. Nimepaka silikoni kwa nje mara mbili bado. Nipake ya tatu? (Tanga)

Marahaba. Usipake.

Maji yanasukuma kutoka ndani kuja nje, sasa wewe ukibandika silikoni nje maji yanaibandua taratibu kama stika. Ikikaa kwa ndani ndio presha inaikandamiza kwenye kioo. Na hilo jaribio la nusu tenki halina maana, nguvu kwenye kioo haipandi sawasawa na maji, kioo chako cha mbele tenki likijaa kinasukumwa na kama kilo 150, likiwa nusu ni robo ya hapo tu, hata kilo 40 hazifiki. Na kote huko presha kubwa iko chini, ndio maana machozi yameanzia kona ya chini na sio pengine.

La pili, na hili nimelisema mpaka mdomo umekauka, silikoni mpya haishiki juu ya silikoni iliyokwisha kukauka. Kwa hiyo toa maji yote, kausha, chukua wembe ukwangue mstari wote wa ndani, sio pale konani tu, maana utakapounganisha mpya na ya zamani ndipo patakapovuja mwezi ujao. Futa kioo kwa asetoni au spiriti safi isiyo na rangi, ukishafuta usiguse na kidole, kidole kina mafuta. Weka tepu pembeni mistari ikae sawa, piga silikoni, ilainishe ndani ya dakika tano kabla haijaota ngozi, toa tepu, ondoka. Ila kama ukitazama kwa pembeni unaona mapovu au njia ya hewa katikati ya kioo na kioo, yaani kwenye kiungo chenyewe, kukwangua ndani ni kujidanganya, hicho kioo kibandue ukibandike upya.

Halafu subiri wiki nzima. Najua kwenye tyubu wameandika saa 24, hiyo ni ya mstari mwembamba, silikoni inakauka kwa unyevu wa hewani kuanzia nje kwenda ndani, huko katikati inachelewa. Ukinusa bado inatoa harufu ya siki, bado.

Na ambalo hujauliza ila nakujibu: hiyo silikoni uliinunua kwa fundi aluminiamu? Maana nyingi za madirisha na bafu zina dawa ya kuzuia ukungu, na dawa inayoua ukungu haiwaonei huruma samaki na kamba wako. Tafuta iliyoandikwa silikoni asilimia 100, ya harufu ya siki, isiyotaja ukungu popote. Hata isipovuja, ile ya bafuni itakuulia.

Silikoni nyeusi inashika kuliko ile ya rangi ya maji? (Mbezi)

Ni rangi tu. Nyeusi inaficha mwani. Tuendelee.

Maji yanapungua karibu sm 1 kila siku lakini sioni tone popote, hata chini ya stendi pakavu. Kila jioni najazia maji chumvi. Linavujia wapi? (Kigamboni)

Halivuji, ndugu yangu. Wewe ndiye unalivuruga.

Tenki la sm 120 kwa 50, sentimita moja ni lita 6, na kwa joto letu hili, tenki halina mfuniko na feni inapuliza juu, lita 6 kwenda hewani ni kawaida kabisa. Sasa yanapopaa maji, chumvi haipai, inabaki. Wewe unaongeza chumvi juu ya chumvi kila jioni. Chukua refraktomita, kile kipimo cha chumvi, upime leo hii, nina wasiwasi uko juu sana ya 1.026, uzito wa maji ya kawaida ya bahari. Mvukizo unajaziwa na maji baridi yaliyochujwa, ya RO, yasiyo na chumvi hata punje, basi.

Na wote mnaodhani matenki yenu yanavuja na hamuoni maji, kipimo ndio hiki: weka alama ya kimo, pima chumvi, usijazie siku mbili, pima tena. Kimo kimeshuka na chumvi imepanda, hiyo ni hewa imekunywa. Kimo kimeshuka na chumvi iko pale pale, hapo maji yanaondoka na chumvi yake, hapo ndio utafute tochi ulale chini.

Boss, kila stima ikipotea usiku asubuhi tunapata maji sebuleni. Tenki halina ufa, nimekagua kona zote. Niliweka valvu ya kuzuia maji kurudi na bado. Nibadilishe tenki? (Nyali, Mombasa)

Usibadilishe kitu, shika kisu cha kukatia PVC.

Hili ndilo napigia kelele kila siku, watu wanaogopa vioo wakati vioo ndio vya mwisho kuwasaliti. Kwako pampu ikizima, paipu inayopandisha maji inageuka mrija wa kunyonya, maji ya tenki yanarudi kwenye sampu, lile tenki dogo la chini lenye pampu, mpaka mdomo wa paipu upate hewa. Mdomo wako uko sm 5 chini ya uso wa maji? Kwa tenki la sm 120 kwa 50 hizo ni lita 30 zinashuka, bado hujahesabu yaliyomo kwenye mabomba. Sampu yako ina nafasi ya lita 30? Haina, ndio yapo kwenye zulia.

Yaliwahi kunikuta. Nilipanga chumba kimoja na sebule, tenki nimelimaliza jioni, nimelala najisifu, umeme ukakatika saa nane usiku. Nilijua pale mama mwenye nyumba alipogonga mlango akiwa amevaa kanga imelowa chini mpaka magotini akiuliza kama nimehamisha bahari. Zulia lake lilikuwa limepita kwenye korido. Nimelilipa kwa miezi minne.

Kwa hiyo: pandisha mdomo ubaki sm 1 au 2 chini ya maji, halafu toboa kitundu kidogo kwenye paipu hiyo hiyo chini kidogo tu ya uso wa maji, kikipata hewa mnyonyo unakatika. Kisugue kila wiki, mwani na konokono wanakipenda. Ile valvu usiitegemee, punje moja ya mchanga au chokaa ikikaa pale haifungi tena. Kisha zima pampu wewe mwenyewe mchana ukiwa macho, acha yashuke mpaka yasimame, ukiona sampu imepokea yote bila kufurika washa tena, yakitulia piga mstari kwenye sampu kwa maka peni: usizidi hapa. Usijazie juu ya huo mstari hata siku moja.

Na wale wenye boksi la kunyonya la kuning'iniza ukingoni, la kushushia maji kwenye sampu, ambao hamkutoboa tenki: kwenu hatari ni umeme unaporudi. Mnyonyo ukishakatika usipojianza wenyewe, pampu inapandisha na hakuna kinachoshuka, linafurika tenki la juu. Mimi siyapendi hayo maboksi na sitayapenda.

Nimepata kioo cha meza cha zamani bei ya kutupa, naweza kukitoboa nikifanye kitako? (Mwanza)

Vioo vya meza vingi ni tempa, yaani vilivyoimarishwa kwa moto. Tempa haitobolewi, inakuwa karanga zote mkononi mwako. Usijaribu.

Fundi bomba amenifungia tenki konekta (kiungo cha bomba na tenki) kwenye tundu, linadondosha. Akaongeza silikoni, linadondosha. Akakaza na spana, sasa naona mstari kwenye kioo. (Temeke)

Huo mstari ni ufa. Pole. Shusha maji sasa hivi, chini ya tundu, kabla hujamaliza kusoma.

Fundi bomba anajua matenki ya plastiki ya juu ya paa, yale yanavumilia spana, kioo hakivumilii. Mpira wa konekta unakaa upande wa kichwa, sio upande wa nati, unabanwa ukiwa mkavu na msafi, bila silikoni maana silikoni inaufanya mpira uteleze. Unakaza kwa mkono, unaongeza robo mzunguko, unaacha. Tredi tepu ni ya kwenye tredi za bomba, pale kwenye mpira haina kazi.

Halafu angalia alichofunga mbele yake. Kama ni koki ya shaba itoe leo. Maji chumvi yanaila, baada ya muda inavuja, na kabla haijavuja imeshamwaga kopa, yaani shaba yenyewe, kwenye maji, kamba na matumbawe wanakufa na wewe utaniandikia kuuliza ni ugonjwa gani. Plastiki tupu.

Tupo Muscat, chila (mashine ya kupoza maji ya tenki) iko stoo kusiko na AC, paipu zake zinadondosha maji kutwa. Nimebadilisha klempu zote mara mbili. (Muscat, Oman)

Okota tone kwenye kioo cheusi au skrini ya simu iliyozimwa, liache likauke. Limeacha unga mweupe ni maji ya tenki. Halijaacha kitu ni jasho la hewa, paipu baridi kwenye joto la pwani lazima itoke jasho. Nakisia lako ni jasho. Zivalishe paipu ule mpira mweusi wa sponji wa paipu za AC, na uziachie klempu zipumzike.

Chumvi nyeupe imeota pembeni ya tenki kwa nje, ndio kuvuja? (Bamburi)

Inategemea imeanzia wapi. Kama imeanzia ukingoni juu ni mapovu yanarusha matone, futa na kitambaa chenye maji baridi. Kama imeota katikati ya kiungo, huku juu yake pakavu, hapo pana njia, rudi kwa mtu wa Tanga hapo juu. Ila fuata hiyo chumvi inakwenda wapi, nimeiona ikitambaa kwenye waya mpaka ndani ya ekstensheni. Waya lazima ushuke chini ya soketi kisha upande, tone lidondoke kabla ya kufika, na ekstensheni isilale chini ya tenki.

Si bora kutumia akriliki tu, haipasuki? (Upanga)

Haipasuki? Tarehe 16 Desemba 2022 alfajiri, AquaDom ya hotelini Berlin, silinda ya akriliki, lita milioni 1 za maji chumvi, samaki kama 1,500, ilifumuka yote kwa mpigo. Wachunguzi hawakupata sababu moja ya uhakika, kiungo cha gundi kikawa mojawapo ya walizozitaja. Akriliki ni nzuri ila silikoni haiishiki na asetoni inaiharibu, kwa hiyo yote niliyosema leo ya kubandika na kufuta kioo kwako hayafanyi kazi.

Samaki gani nianze naye? (Tabata)

Tenki lako lina siku ngapi limejaa, juu ya stendi iliyopigwa pima maji, bila tone? Nijibu hilo kwanza.