Betri ya gari ya zamani: pima kabla hujanunua nyingine

Mkuu, umeuliza betri ya kampuni gani inadumu, kwa sababu Corolla yako ya 1998, ile AE110, imekula betri mbili kwa muda mfupi na asubuhi stata inajivuta. Wadau wamekutajia majina ya kampuni, na mengi ni mazuri. Mimi nakuomba usinunue ya tatu kwanza. Gari ya umri huo mara nyingi ndiyo inayoua betri, na mpya utakayoweka itaishia palepale zilipoishia hizo mbili. Nimeendesha Carina Ti na Corolla za miaka hiyo hapa Dar kwa muda mrefu, na ninachokuandikia ndicho ninachofanya kwenye gari zangu na za ndugu.

Tafuta multimita, kile kipimo cha umeme. Hata ya bei ndogo kutoka Kariakoo inatosha kabisa. Iweke kwenye volti za DC, alama ya 20.

Kipimo cha kwanza ni asubuhi, gari ikiwa imelala usiku kucha. Funua boneti jioni, uiache imeegama tu, ili asubuhi usilazimike kufungua mlango na kuwasha taa ya ndani. Betri nzima iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ukikuta 12.4 imebaki robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Ukikuta kama 10.5, na hata baada ya kuchajiwa inarudi hapohapo, seli moja imekufa: ndani kuna seli sita za volti 2.1 kila moja, ikifa moja unabaki na tano. Hiyo haiponi.

Kisha mtu akupigie stata huku macho yako yako kwenye mita. Isishuke chini ya 9.6. Ikianza na 12.6 halafu ikaporomoka hadi 8, ama betri imechoka ndani ama stata inavuta umeme kupita kiasi. Lakini ikibaki 11 na ushee huku stata inajivuta vilevile, betri yako haina kosa. Umeme upo, haufiki.

Mwisho, injini ikiwa inaunguruma, usome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni na AC. Bado ikae juu ya 13 na nusu hivi, hasa ukiongeza mafuta kidogo. Ikisoma 12 na kitu, alteneta haichaji: angalia mkanda kama umelegea, kisha kaboni zake. Ikipita 15, regulata (kinachodhibiti chaji ya alteneta) imekufa na betri inachemshwa. Utasikia harufu ya yai viza na maji yatakuwa yanaisha kila mara.

Nirudi kwenye ile hali ya umeme upo lakini haufiki, maana nimeiona sana kwenye gari hizi na ndiyo inayowatoa watu hela bure. Shemeji yangu alikuwa na Carina iliyobadilishwa betri na bado ikawa inagoma asubuhi. Fundi mmoja akataka kumuuzia stata. Tulichukua mita, waya mmoja tukaugusisha kwenye nguzo hasi ya betri, yaani nguzo yenyewe na si kile kichwa cha waya, na wa pili kwenye chuma cha injini. Alipopiga stata mita ikasoma volti 1.6. Inapaswa isizidi nusu volti. Maana yake waya wa ethi, ule unaotoka nguzo hasi kwenda kwenye injini, ulikuwa unakula umeme njiani. Kwa nje ulionekana mzima. Tulipochana mpira wake karibu na pale unapofungwa kwenye gia boksi, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani, zimebaki chache tu zinazong'aa. Fundi umeme akamtengenezea waya mpya mnene, tukapiga msasa pale unapokaa hadi chuma cheupe kikaonekana, na gari ikawaka kwa mguso mmoja. Betri ileile, stata ileile. Gari ikiwa imeishi miaka mingi karibu na bahari, hapo ndipo pa kuanzia.

Vichwa vya waya navyo uviangalie. Corolla na Carina nyingi za Japani zina nguzo nyembamba, na vichwa vyake vikipanuka mafundi wetu hupigilia kipande cha bati au msumari ili vibane. Ukikuta msumari huo, utoe. Nunua kichwa kipya, bei yake ni ndogo. Ule unga mweupe au wa kijani unasafishwa kwa maji ya moto na brashi ya waya, unakausha, unafunga, ndipo unapaka grisi juu. Grisi ipakwe baada ya kufunga, si kabla.

Kama asubuhi volti ziko chini wakati jana uliiacha imejaa, kuna kitu kinanyonya usiku. Fungua nguzo hasi, weka mita kwenye ampia 10 (uhamishe ile waya nyekundu kwenye tundu lake) na uipitishe kati ya nguzo na waya wake. Gari ikiwa imezimwa, milango imefungwa, usubiri dakika kadhaa. Gari hizi zinapaswa kunyonya chini ya ampia 0.05. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo njia ya mwizi. Wengi ninaowakuta ni alamu zilizofungwa mtaani, redio za skrini zilizounganishwa moja kwa moja na betri, vifaa vya kufuatilia gari, na taa ya buti isiyozimika. Ukichomoa zote na namba haishuki, toa waya wa alteneta. Dayodi zake zikivuja hunyonya usiku kucha. Tafadhali usipige stata mita ikiwa imeungwa hivyo.

Kuhusu joto: hapa Pwani betri haifi kwa baridi kama huko Ulaya, inafia kwenye joto la boneti na foleni. Joto linaharakisha kuoza kwa sahani za risasi (ile metali, lead) zilizo ndani na kukausha maji. Foleni ya Mbezi hadi Posta, AC imewashwa, injini iko sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), alteneta inatoa umeme kidogo sana. Ukifika, betri huenda imepungua kuliko ulivyotoka nyumbani. Betri inayokaa muda mrefu bila kujaa inaota fuwele za salfeti kwenye sahani, na zikigandamana hazitoki tena. Kama safari zako ni fupifupi, ipeleke kuchajiwa taratibu kila baada ya wiki kadhaa, ampia 4 au 5 kwa betri ya Ah 45 (ampia-saa 45), usiku mzima. Zile chaji za haraka za nusu saa zinaipasha moto tu.

Betri ya vifuniko vya maji ikaguliwe kila mwezi. Sahani zizame, maji yapite juu yake kama sentimita moja. Kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa (distilled water) ya dukani, basi. Usikubali kijana wa mtaani akuongezee asidi. Kinachokauka ni maji, asidi inabaki, kwa hiyo ukiongeza asidi unaikoleza na inakula sahani. Maji ya kisima pia hapana, ya hapa kwetu yana chumvi.

Ukipima yote na betri ikabainika imekufa kweli, basi nunua, lakini uende na mita yako. Soma tarehe ya kutengenezwa. Ikisoma chini ya 12.4 pale dukani, iache, imekaa sana rafuni. Kagua lebo na vifuniko, maana kuna betri kuukuu zinazomwagwa asidi, kujazwa upya na kubandikwa karatasi mpya. Namba kama 46B24L ina maana: 46 ni nguvu, B ni upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita, L ni upande wa nguzo. Ukikosea herufi hiyo waya hazitafika. Ikiwa na S mwishoni, nguzo ni nene. Na wale wanaokwambia uweke N70, ile betri kubwa zaidi, kwenye Corolla, waulize itakaa wapi.

Kubadilisha: spana namba 10, unaanza kufungua hasi, na wakati wa kufunga hasi inakuwa ya mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi utapigwa cheche palepale, na hewa inayotoka kwenye betri inalipuka. Kisha bana betri kwa bamba lake la chuma, si kwa mpira wa tyubu kama ninavyoona kila siku. Betri inayocheza kwenye barabara zetu inavunjika sahani ndani. Ukiwasha, sailensa inaweza kuyumba kidogo. Ipe muda, kompyuta inajifunza upya.

Betri kuukuu ibadilishe dukani upunguziwe bei, au mpe mnunuzi anayeichukua nzima. Usiuze kwa anayemwaga asidi mtaroni. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi za betri kiliwatia watoto sumu. Phyllis Omido aliyepigania wakazi alipewa Tuzo ya Goldman 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Risasi ya betri zetu ikimwagwa hapa itafanya vilevile kwa watoto wetu.

Kesho asubuhi pima, halafu andika hapa: volti za gari ikiwa imelala, wakati wa stata, injini ikiunguruma, na ile ya nguzo hasi hadi injini. Kwa namba hizo nne nitakwambia uanze wapi.