Mama anaomba kufa: anzeni na maumivu

Pole sana ndugu yangu. Mama ana kansa, usiku analia anaomba mmsaidie afe, unauliza kama hapa Kigoma kuna daktari wa kumsaidia mgonjwa afe kama Uholanzi. Hakuna, wenzetu sheria yao inaruhusu tangu 2002 ila kwetu ukimsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai, hata uwe mwanae.

Mi nimemuuguza baba, maumivu yaliposhuka yale maneno ya kutaka kufa yakapungua kabisa. Nenda hospitali ya Maweni ukaulizie mofini ya maji, dawa kali ya maumivu ya kunywa, daktari ndiye apange kiasi, mara nyingi ni kila masaa manne hata kama hajalalamika, na omba dawa ya kulainisha choo maana mofini inafunga choo sana. Akikataa mionzi au dripu hilo ni jambo lingine, ni haki yake, msimlazimishe. Dawa zifungie, na akitaja namna ya kujiua asibaki peke yake, daktari ajulishwe siku hiyohiyo.