Maswali ya Wasomaji: Punje Nyekundu Ndani ya Pishori

Swali: Naishi Kasarani, nimekodi ekari mbili Mwea. Kila msimu hutokea mpunga mrefu kuliko Pishori, hupukutika kabla sijavuna, na punje zake ni nyekundu. Nilinyunyiza propanil, dawa ya kuua magugu, ikaua nyasi zingine zote isipokuwa huo. Je, niliuziwa dawa bandia?

Jibu: La. Huo ni mpunga-gugu, na ni spishi ileile unayopanda, *Oryza sativa*. Mpunga hunusurika kwa sababu una kimeng'enya kinachoivunjavunja propanil, na gugu hilo nalo linacho. Dawa inayochagua magugu ndani ya mpunga wa kawaida hailiwezi.

Liotesheni kabla ya kupanda. Mkimaliza kuvuna msilime mara moja; punje zilizoanguka ziachieni ndege na panya. Zikifukiwa na plau hulala, zikaota miaka kadhaa baadaye. Kabla ya kupandikiza, piga haro kijuujuu, loanisha udongo bila kutuamisha maji, subiri siku 14 hadi 21 zichipue, kisha zivuruge topeni. Zamu ya maji ikiruhusu, rudia. Wengi huharibu hapa: trekta huzama sana, mbegu za chini zinapanda juu, kazi inaanza upya.

Pandikiza miche ya siku 21 kwa mistari, sentimita 20 kwa 20. Ikishashika, maji yasimame sentimita 5 hadi 10, kwa kuwa mbegu ya gugu iliyozama hukosa oksijeni. Kilichoota nje ya mstari ng'oa. Kilichojificha mstarini kitajitokeza kwa urefu, rangi iliyofifia, ndevu (nywele ngumu kwenye ncha ya punje), au kuchanua mapema. Kata mashuke yake punde yanapotoka, uyabebe nje ya shamba; punje huanza kudondoka majuma mawili hivi baada ya maua. Machipukizi ya baada ya mavuno nayo msiyakuze kwa msimu mmoja, maana gugu huchipua pamoja nayo.

Mbegu ndiyo mlango mkuu. Menya punje 500 kabla ya kuloweka, kwa kuwa ganda huficha wekundu. Kilo 25 za ekari moja zina punje zaidi ya 1,000,000, hivyo hata nyekundu moja kati ya hizo 500 ni zaidi ya 2,000 shambani. Nunua iliyothibitishwa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mbegu na mimea, na mashine ya kuvuna isafishwe kabla haijaingia kwako.

Swali: Kwetu kuna mpunga-gugu wenye ndevu nyeusi na usio na ndevu kabisa. Je, tofauti za kijeni zinamhusu mkulima? — Msomaji, Umoja

Jibu: Zinamhusu sana. Mpunga-gugu umezuka mara nyingi, mahali tofauti, mara nyingi kutokana na mpunga wa shambani uliorudia upori. Marekani, kwa mfano, kuna makundi mawili makuu: wenye ganda la rangi ya majani makavu, wa nasaba ya indica, na wenye ganda jeusi na ndevu, wa nasaba ya aus; hizo ni koo mbili za mpunga wa Asia. Kundi moja huota haraka, lingine hulala, ndiyo maana kuotesha mara moja hakutoshi.

Chavua nayo huvuka, ingawa kwa chini ya asilimia 1. Kiasi hicho kilitosha: mpunga unaostahimili imidazolinoni, kundi la dawa za kuua magugu, uliingia sokoni Marekani mwaka 2002, na baada ya miaka michache magugu yakawa na ustahimilivu huohuo. Atakayekuuzia mbegu ya namna hiyo muulize mpango wa kubadilisha mazao ni upi.

Chimbua mche mmoja wa gugu pia. Ukikuta mashina yanayotambaa chini ya udongo, huo ni *Oryza longistaminata*, mpunga mwitu wa Afrika. Kuuvuruga topeni huukatakata na kuusambaza; ulime wakati wa kiangazi, mashina yakauke juani.

Swali: Nauza mchele Nyamakima. Punje nyekundu zina madhara?

Jibu: Hazina, huliwa vizuri. Wekundu uko kwenye pumba tu, yaani ngozi nyembamba iliyo chini ya ganda. Hasara ni yako: kuuondoa kinuni huhitaji kukoboa zaidi, na Pishori ndefu hukatika ikawa chenga.