Insha ya mwanasheria mhamiaji: mchukue James Wilson

Pole na presha ya insha, mdogo wangu. Umesema mwalimu anataka mwanasheria mhamiaji aliyeingia siasa Marekani ilipokuwa changa, na nusu ya darasa wameshamdaka Alexander Hamilton, mhamiaji mwingine aliyekuwa mwanasheria. Waachie. Wewe chukua James Wilson.

Mskoti huyu alifika Philadelphia miaka ya 1760, akafundisha chuoni, akasomea sheria ofisini kwa John Dickinson, kisha akafanya uwakili katika miji ya Reading na Carlisle. Alisaini Azimio la Uhuru la 1776 na Katiba ya 1787. Waliosaini zote mbili ni sita tu. Mwaka 1789 Rais George Washington akamteua jaji wa Mahakama ya Juu.

Hayo yapitie haraka. Alama ziko kwenye ukinzani wake: alitaka wananchi wamchague rais moja kwa moja, lakini huyohuyo ndiye aliyependekeza kila mtumwa ahesabiwe kama tatu ya tano ya mtu katika kugawa viti vya bunge. Tena madeni ya ulanguzi wa ardhi yalimfikisha jela angali jaji!

Angalizo: usiandike kwamba alifia gerezani. Alifia Edenton, North Carolina, 1798. Tarehe zikigongana vitabuni, muulize mkutubi kabla hujakabidhi.