Gereji imeandika milioni mbili na nusu: nikubali?

Barua za wiki hii karibu zote zina ugonjwa mmoja: injini imeleta shida, gereji imetoa karatasi ya bei, na mwenye gari ameishika karatasi kama aliyepewa deni la marehemu. Nimechagua tano.

Fundi habari. IST yangu, injini ya 1NZ, ilichemka kwenye foleni ya Kimara, nikaizima. Gereji wameandika shilingi 2,450,000 za oveholi nzima: pistoni, ringi, beringi, gasketi, kusawazisha hedi na ufundi. Wamenipiga? – Msomaji, Tabata

Nzuri, na pole. Karatasi yako imejaa majina ya spea lakini haina kipimo hata kimoja, kwa hiyo tusianze na bei. Rudi uwaulize: mmepima nini? Injini ikichemka, wa kwanza kuumia huwa ni hedi, kile kichwa kinachofunika silinda kwa juu, na gasketi iliyo chini yake, maana hedi ni ya aluminiamu na joto likizidi inapinda. Pistoni na beringi zinaweza kuwa salama kabisa, hasa kama uliizima mapema.

Waambie wapime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, mbele yako. Plagi zinatolewa, geji inafungwa kwenye tundu, starta inazungushwa, silinda moja baada ya nyingine. 1NZ-FE yenye afya hutoa kama psi 213 (kipimo cha mgandamizo). Toyota wanataka isishuke chini ya 156, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Silinda mbili jirani zikiwa chini na wenzake wako juu, gasketi imeungua katikati yao. Zote zikiwa chini, fundi anayejua kazi atatia oili kidogo kwenye tundu la plagi apime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka na oveholi, yaani kufungua injini nzima na kuweka vipya, ina hoja. Isipopanda, shida iko juu, kwenye vali au hedi, na pistoni mpya ni pesa ya kutupa. Kazi hii si ya siku nzima. Ilipie, usiombe ya bure, ili majibu yawe yako hata ukihamia gereji nyingine.

Hedi ikishafunguliwa, sogea uangalie. Wanalaza rula ya chuma iliyonyooka juu yake, kisha wanajaribu kupitisha kibati chembamba cha fila geji chini ya rula: kwa urefu, kwa upana, kwa mshazari. Kikomo ni milimita 0.05, nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Kibati cha 0.05 kikipita, hedi imepinda, iende kwenye mashine. Kikigoma kila upande, mstari wa kusawazisha ufutwe kwenye karatasi.

Halafu kuna jambo linalonisumbua kuliko hizo milioni. Ilichemka kwa nini? Kwenye karatasi sioni redieta, wala thamostati, wala pampu ya maji, wala feni, wala hata kifuniko cha redieta. Injini iliyofanyiwa oveholi ikifungwa kwenye redieta iliyoziba, mtakutana tena Kimara palepale. Karatasi hiyo hata ingekuwa ya nusu bei, mimi ningeirudisha.

Gasketi ya hedi ya Noah yangu ya 1AZ: gereji ya kwanza 850,000, ya pili 1,500,000. Huyu wa pili si mwizi? – Mama wa Noah, Morogoro

Mama, inawezekana huyo wa pili ndiye mkweli. Injini za ukoo wa AZ zina udhaifu ambao mafundi wanaufahamu vizuri: nyuzi za boliti za hedi, zile zilizomo ndani ya bloku (mwili wa injini), huliwa, hasa upande wa nyuma kwenye ukuta wa kabini. Boliti inakaza lakini haishiki. Ukibadilisha gasketi tu na kurudisha boliti zilezile kwenye nyuzi zilezile, maji yataanza kupotea tena. Dawa yake ni kutoboa matundu na kutia nyuzi mpya za chuma, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye vifaa.

Waulize wote wawili: mtafanya nini na nyuzi za bloku? Boliti ni mpya? Hedi itapimwa? Na bei ina VAT? Asilimia 18 peke yake inatosha kuitenganisha gereji inayotoa risiti ya EFD na ile ya chini ya mwarobaini. Yule wa 850,000 akisema "nyuzi zipi tena?", umeshapata jibu lako.

Shikamoo. Fundi anasema oveholi ni kujisumbua, tununue injini ya mtumba kutoka Japani. Kweli? – Kijana, Mwanza

Marahaba. Mara nyingi ni kweli, kwa magari yaliyojaa mjini, maana injini zake zinapatikana kirahisi. Ila unanunua historia ya mtu usiyemjua. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando mweupe kama uji wa maziwa, maji yalishaingia, iache hapo dukani. Toa plagi uzitazame. Zungusha injini kwa spana. Hakikisha inafanana na yako kabisa, kwa sababu 1NZ za mwanzo pedali ya mafuta inavuta kebo na za baadaye pedali hiyo inatumia waya za umeme; ukichanganya, waya zitakumaliza. Uliza bei ni pamoja na starta na alteneta au injini tupu. Muda wa majaribio uandikwe kwenye risiti, maneno ya mdomo yanabaki dukani.

Kisha namba ya injini. Iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha injini nenda TRA ukarekebishe, na utunze risiti ya ununuzi. Watu hulipuuza hili hadi siku wanapotaka kuuza gari.

Walisema 700,000. Wamefungua injini, sasa wanasema 1,600,000. Gari liko juu ya mawe. – Nimekwama, Dodoma

Ufa kwenye hedi hauonekani mpaka ioshwe na kupimwa, huo ni mshangao wa haki. Pampu ya maji inayovuja ilikuwa inaonekana tangu siku ya kwanza; hiyo walipaswa kukuambia mapema. Nenda na karatasi ya zamani, kila mstari ulioongezeka waoneshe spea yenyewe, mkononi. Ukiona haieleweki, lipia kazi ya kufungua tu, uondoke na gari na kila kipande chake, boliti zikiwemo. Ni aibu ya nusu saa.

Taa nyekundu ya oili inawaka nikisimama. Fundi kasema beringi zimeisha, injini ishushwe, 1,900,000. – Dereva wa teksi, Tanga

Yalinipata. Gereji niliyoiamini ilinipa hukumu hiyohiyo, na mimi nikaanza kutafuta wa kunikopesha. Mzee mmoja wa jirani akafungua swichi ya oili, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachowasha taa hiyo, akafunga geji ya mshale mahali pake, akaniambia niwashe. Mshale ukapanda na kutulia vizuri, injini ikiwa ya moto, bila kukanyaga mafuta. Kilichokufa kilikuwa swichi.

Kwa hiyo kwanza chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, uone kama oili ipo. Kisha hicho kipimo cha geji, injini ikiwa ya moto. Mpaka kifanyike, usibebe abiria. Na kama chini panagonga kama mtu anayebisha hodi, na mshale haupandi, basi beringi kweli zimeisha, zungumzeni bei.