Hataza za nchi nyingi: mfuate mwigaji, usiifuate ramani

Mkuu, umeuliza kama mashine yako ya kubangua korosho inaweza kulindwa dunia nzima kwa hataza moja (patent, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige uvumbuzi wako). Haiwezi. Kwa kawaida kila nchi hutoa hataza yake, na nguvu yake huishia mpakani. Kinachoitwa hataza ya kimataifa ni ombi tu, lile la PCT (Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza) linalosimamiwa na WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki bunifu, kule Geneva.

Mimi nilipita njia hii na mashine ya kusindika mihogo. Ukiwasilisha ombi BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania, Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa miezi 12 ya kuomba kwingine huku tarehe yako ya kwanza ikiheshimiwa. Ukiingia PCT ndani ya miezi hiyo, unaahirisha uamuzi wa nchi hadi mwezi wa 30 au 31 tangu tarehe ile. Hapo unanunua muda, na muda huo una thamani: ripoti ya utafutaji, inayoonyesha uvumbuzi wa awali unaofanana na wako, inatoka mapema. Yetu ilionyesha madai yetu makuu (maelezo ya kile tulichotaka kilindwe) yakigongana na hataza ya zamani ya Brazil, tukayabana kabla ya kuanza kulipa mawakala wa nje. Halafu kwa Mtanzania ada ya kimataifa ya kuwasilisha hupunguzwa asilimia 90, jambo ambalo wengi hawalijui.

Gharama kubwa iko mbele, nchi kwa nchi: wakala wa hapo, tafsiri, ada za kila mwaka. Kwa hiyo usichague nchi kwa ukubwa wake. Jiulize nani ataiga mashine yako, ataitengenezea wapi, atamuuzia nani. Kwa korosho, mimi ningeangalia Vietnam na India kwa sababu wabanguaji wakubwa wako huko. Vietnam uandae tafsiri ya Kivietinamu, India Kiingereza kinatosha. Tanzania na Msumbiji unaziteua kwa ombi moja ARIPO, shirika la kikanda la hataza la Afrika lililoko Harare, ingawa kila nchi ina miezi 6 ya kukataa. Ivory Coast, mzalishaji mkubwa wa korosho ghafi, iko OAPI, shirika kama hilo la nchi nyingi zinazotumia Kifaransa lililoko Yaoundé, na huko hataza moja hushika wanachama wote kwa pamoja. Ulaya ningeiacha. Wanakula korosho, lakini hawazibangui kwa wingi.

Jambo la siri sasa. Usiipeleke mashine kwenye maonyesho ya Nane Nane kabla hujawasilisha ombi. Marekani humpa mbunifu mwaka mmoja tangu aonyeshe kazi yake, lakini nchi nyingi hazina uvumilivu huo, na kilichokwisha kuonekana hadharani si kipya tena. Video uliyoirusha kwenye grupu la WhatsApp la mafundi inaweza kutumika dhidi yako vilevile. Ukitaka kumwonyesha mfadhili, msainishe mkataba wa kutunza siri kwanza.

Kama umeshaiweka mtandaoni, taja tarehe hapa. Jibu langu litabadilika.